Kikosi cha majina: tuipime Michigan ya 2021 kama vile ligi haijaanza

Wadau wa hoki, najua mko wachache lakini mpo. Na nyie wa soka msikimbie, hii mada inawahusu pia. Ni ile ile ya timu kujaza majina makubwa halafu kombe linaenda kwa jirani.

Kila Septemba mashabiki wa hoki ya vyuo vya Marekani wanaanza kupima vikosi. Ligi inaanza Oktoba na kumalizika Aprili, kwa hiyo Septemba kila mtu ni kocha. Huyu anapanga mistari, yule anabishana nani akae golini, mwingine ameshatangaza bingwa. Mimi leo nachukua kikosi kimoja tu, Chuo Kikuu cha Michigan, msimu wa 2021-22, maana sijaona kikosi kingine kilichowagawa watu namna ile. Nitakipima kwa yale yaliyokuwa yanajulikana Septemba 2021, halafu tuangalie Aprili 2022 ilisema nini.

Kwanza kwa wasioujua huu mchezo. Sio yale magongo ya kwenye nyasi tuliyoyaona shuleni. Huu ni wa kwenye barafu, watu wamevaa viatu vya chuma chembamba kama kisu, na badala ya mpira wa duara kuna kisahani cheusi cha mpira mgumu. Wanacheza watano na kipa, vipindi vitatu vya dakika 20. Tofauti kubwa na soka ni kwamba watu wanaingia na kutoka muda wote. Mtu anakimbia kama sekunde 45 hivi, anarudi benchi anahema, mwingine anaruka ukuta anaingia. Ndiyo maana timu inahitaji mistari minne ya washambuliaji watatu watatu, na mabeki jozi tatu. Yaani ukiwa na mastaa watano tu, zaidi ya nusu ya mechi wako benchi wanaangalia wenzao. Shika hilo, litatusaidia mbele.

(Msiseme huku kwetu haichezwi. Nairobi pale Panari Hotel walifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na Kenya Ice Lions wametokea pale pale. Mwaka 2024 Kenya ikaingia kwenye shirikisho la hoki la dunia. Haya tuendelee.)

Kitu cha pili ni drafti. Sio ile ya vijiweni ya kete na visoda. Kila mwaka timu za ligi kuu ya kulipwa, NHL, zinakaa na kuchagua vijana wa kuanzia miaka 18 kwa zamu, na timu dhaifu ndizo zinazopewa nafasi kubwa ya kuchagua mapema. Ukichaguliwa haimaanishi unaondoka kesho. Timu inakuwa na haki na wewe, lakini unaweza kubaki chuoni, unasoma, unacheza, na mkataba unasaini baadaye. Kwa hiyo kikosi cha chuo kinaweza kuwa na vijana ambao tayari wana mwenyewe huko juu.

Sasa Julai 2021 likatokea jambo ambalo watu walifikiri ni utani. Katika vijana watano wa kwanza kuchaguliwa, wanne walikuwa wa Michigan au wanaelekea Michigan. Wa kwanza kabisa Owen Power, akachukuliwa na Buffalo. Wa pili Matty Beniers, Seattle, timu iliyokuwa mpya, hata mechi moja ilikuwa haijacheza. Wa nne Luke Hughes, New Jersey. Wa tano Kent Johnson, Columbus. Aliyewakata pale katikati ni Mason McTavish tu. Baadaye kidogo, namba 24, akachukuliwa Mackie Samoskevich wa Michigan pia. Waongeze Brendan Brisson (namba 29 mwaka 2020) na Johnny Beecher (namba 30 mwaka 2019) unapata vijana saba wa raundi ya kwanza kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Na wote wakaamua kucheza chuo msimu ule! Power, Beniers na Johnson walikuwa na deni. Machi 2021 Michigan ilienda Fargo kwenye mashindano ya taifa, na saa chache kabla ya mechi na Minnesota Duluth vipimo vya korona vikarudi vibaya. Wakatolewa bila kucheza hata dakika moja. Hebu fikiria, unafanya mazoezi mwaka mzima halafu unatolewa na kijiti cha puani.

Power alikuwa na zaidi ya wote cha kupoteza. Namba moja wa drafti kwa kawaida anasaini na kuondoka. Kabla yake, wa mwisho kucheza chuo baada ya kuchaguliwa namba moja alikuwa Erik Johnson, aliyechaguliwa 2006 akaenda Minnesota. Power angeumia goti mwezi wa Novemba akiwa mwanafunzi, hesabu zote zingebadilika. Hakurudi Ann Arbor kwa sababu hana pa kwenda. Alirudi kutafuta kombe, na Michigan, yenye makombe tisa, lile la mwisho lilikuwa la mwaka 1998. Vijana hawa walikuwa hawajazaliwa.

Haya, tuwapime.

Nianze golini maana hoki bila kipa ni kazi bure. Strauss Mann, kipa wa msimu uliotangulia, alishaenda kucheza Sweden. Aliyebaki ni Erik Portillo, Msweden wa miaka 21, mrefu karibu mita mbili, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya Mann na kupata mechi chache tu. Buffalo walimchagua raundi ya tatu mwaka 2019. Watu wote walikuwa wanaongelea wale wanne, mimi hapa ndipo ningeweka kidole. Kijana mrefu anaziba goli hata akipiga magoti, hiyo ni faida. Lakini hajawahi kubeba msimu mzima, na mechi za Machi huwa hazikupi nafasi ya kujirekebisha wiki ijayo. Septemba ningempa sita na nusu kwa kumi, tena nusu ni ya urefu.

Mabeki ndiyo raha ya kikosi hiki. Power ana urefu wa sentimita 198 na anateleza kama mtu mwenye 175. Ukimwangalia hana haraka. Anachukua kisahani nyuma ya goli lake, anainua kichwa, anatoa pasi moja, hatari imeisha. Watu wanaopenda vishindo walimwona wa kawaida, mimi nasema beki akikufanya usimuone dakika ishirini mfululizo huyo ameshakulipa hela yako.

Luke Hughes ni kinyume chake. Ametimiza miaka 18 tarehe 9 Septemba 2021, ligi inabisha hodi. Kaka yake Quinn alipita Michigan hapo hapo, kaka mwingine Jack alikuwa namba moja wa drafti 2019, na New Jersey iliyomchukua Luke ndiyo timu ya Jack. Kuteleza ni kwa kurithi. Anatoka na kisahani kwake mpaka kwa wenzio kama bodaboda kwenye foleni. Swali ni akipoteza huko mbele nani anarudi, na jibu la Septemba lilikuwa hatujui.

Halafu kuna Nick Blankenburg, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Kapteni. Sentimita 175. Hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, hata raundi ya saba. Alizaliwa Mei 1998, kwa hiyo msimu unaanza ana miaka 23, wakati Power ana 18. Alifika chuoni akiwa na miaka 20 baada ya kuzunguka ligi za vijana. Kwa hesabu za mtaani kwetu, ambapo ukimaliza kidato cha nne ukakaa miaka miwili nyumbani majirani wanaanza kukuuliza maswali, huyo ni mtu aliyechelewa. Kwenye hoki ya vyuo huyo ni mali. Amekomaa mwili, amepigwa akaamka, anajua refa gani anavumilia nini. Ukiniuliza nani nimpe dakika ya mwisho tukiongoza goli moja, namtoa Hughes namweka Blankenburg. Hili mtabishana nalo, karibuni.

Washambuliaji sasa. Beniers ni senta wa kocha yeyote: anakaba, anarudi, anafunga, hachoki. Kent Johnson ni fundi. Kuna goli ambalo dunia nzima inaliita "Michigan", la kubeba kisahani juu ya ncha ya gongo ukiwa nyuma ya goli na kukiweka juu begani kwa kipa. Jina limetoka kwa Mike Legg wa Michigan aliyelifunga mwaka 1996 kwenye mashindano ya taifa dhidi ya Minnesota, na mwaka ule wakachukua kombe. Johnson ni wa ukoo huo huo wa manjonjo, na 2023 akalifunga goli hilo kwenye NHL. Wasiwasi wangu kwake ulikuwa uzito. Fundi mwembamba akibanwa kwenye kona na mtu wa miaka 24, ufundi unabaki ukutani.

Brisson ni shuti. Mpe nafasi mkiwa mna mtu mmoja zaidi uwanjani, basi. Thomas Bordeleau alitoka kuchaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza nchi nzima, na kwenye orodha za watu alikuwa wa sita au wa saba, hapo uone kikosi kilivyokuwa. Beecher ana mwili na mbio. Samoskevich dogo, tumpe muda.

Chini ya hapo watu walikuwa hawasomi tena. Mistari ya tatu na ya nne ilikuwa na wakongwe wa mwaka wa nne kama Jimmy Lambert, ambao hakuna gazeti lililowapigia picha Julai. Mimi hapo ndipo ningetumia muda mwingi, kwa sababu ya ile hesabu ya sekunde 45.

Tatizo la Michigan lilikuwa umri, na hili ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Timu nyingi za vyuo zinachukua watu ambao wamecheza ligi za vijana mpaka miaka 20 au 21. Wanaingia mwaka wa kwanza wakiwa watu wazima, wanamaliza na 24 au 25. Vyuo vyenye majina vinachukua watoto wenye vipaji wa miaka 18, wanakaa mwaka mmoja au miwili, wanaondoka. Kwa hiyo mechi ya Aprili mara nyingi ni vipaji vya miaka 18 na 19 dhidi ya vifua vya miaka 23. Kwa mechi kumi mfululizo kipaji kinashinda nyingi. Lakini mashindano ya taifa ni mechi moja moja, ukipoteza unafungasha. Kwenye mechi moja, mtu asiyesukumika mbele ya goli ana thamani ambayo orodha ya drafti haioni.

Kwa hiyo utabiri wangu kwa karatasi ya Septemba: nusu fainali ndiyo, kombe mashaka. Rahisi kusema leo, najua. Ila vigezo vyote vilikuwa mezani.

Ligi ikaanza kwa fujo. Katikati ya Oktoba 2021 huko Duluth wakawafunga Minnesota Duluth 5-1 na Minnesota State, waliokuwa namba moja, 3-2. Mitandaoni kombe likagawiwa siku hiyo. Februari 2022 NHL haikupeleka wachezaji wake Olimpiki ya Beijing, kwa hiyo Canada ikawachukua Power na Johnson, Marekani ikawachukua Beniers na Brisson. Chuo kikabaki bila watu wanne na bado kikaenda. Hughes, yule dogo wa kuruka na kisahani, alimaliza na magoli 17 na pasi za magoli 22 katika mechi 41, akiwa beki! Beniers magoli 20, Brisson 21. Portillo alikaa golini karibu msimu wote na akatoka bora kuliko ile sita na nusu. Jumla walishinda 31, wakafungwa 10, sare moja. Machi wakawapiga Minnesota 4-3 kwenye fainali ya kanda yao.

Kwenye mashindano ya taifa waliingia wakiwa wa kwanza kwa viwango. Wakawatoa American International 5-3, halafu Quinnipiac 7-4. Watu wakaona magoli 12. Wewe ona saba waliyoruhusu.

Tarehe 7 Aprili 2022, Boston, nusu fainali na Denver. Denver nao si watoto wa mchangani, tusidanganyane. Bobby Brink wao aliongoza nchi nzima kwa pointi, 57. Lakini walikuwa wamechanganya vizuri, vipaji na wakongwe, na kocha wao David Carle alikuwa na miaka 32 tu. Yeye mwenyewe aliacha kucheza 2008 alipogundulika na tatizo la moyo, chuo kikamwachia udhamini wake wa masomo, akaanza kufundisha. Siku ile waliwabana Michigan katikati ya uwanja, hakuna pa kukimbilia. Mechi ikaenda 2-2 mpaka muda wa nyongeza, Carter Savoie akamaliza, 3-2.

Magoli ya Michigan siku hiyo yalifungwa na Lambert na Bordeleau. Mmoja ni yule wa mistari ambayo watu hawasomi, mwingine ndiye aliyekuwa wa sita kwenye orodha za watu. Wale wanne wa juu hakuna aliyefunga.

Siku mbili baadaye Denver wakawa nyuma 1-0 dhidi ya Minnesota State mpaka mwisho wa kipindi cha pili, halafu wakatupia matano kwenye cha tatu. Na mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote alikuwa kipa wa hao hao Minnesota State, Dryden McKay, miaka 24, hajawahi kuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti.

Mtu ataniambia goli la muda wa nyongeza ni bahati, shuti moja. Kweli, ukiangalia mechi moja. Ila endelea kuangalia. 2023, Minnesota yenye Logan Cooley na wenzake wakapoteza fainali kwa Quinnipiac, chuo kidogo chenye wakongwe wengi, 3-2, goli la sekunde ya 10 ya muda wa nyongeza. 2024, Boston College wana Will Smith, Ryan Leonard na Cutter Gauthier, wakafika fainali na hawakupata hata goli moja, Denver 2-0, kipa Matt Davis akaokoa 35. 2025, Boston University yenye majina yake wakapigwa 6-2 na Western Michigan, ambao walikuwa hawajawahi kuchukua. Michigan wenyewe walirudi nusu fainali 2023 na 2024 wakatolewa zote mbili. Miaka minne ya shuti moja? Hapana.

Kwa anayetaka kupima kikosi chake mwenyewe, ukurasa wa majina wa timu hauli bando. Ni jedwali tu, hata kafe yenye mtandao wa kinyonga unafunguka. Mimi nafungua na kwenda moja kwa moja kwenye safu ya mwaka wa kuzaliwa, nahesabu wangapi wana 21 kwenda juu kati ya wale 18 watakaocheza. Halafu nauliza kipa amecheza mechi ngapi msimu uliopita. Halafu mabeki wawili wa jozi ya tatu ni akina nani, maana hao ndio watakaokuwa ndani siku mastaa wakiwa wanahema. Drafti naiangalia mwisho.

Kuna kitu kimebadilika, na kinaweza kuvuruga hesabu yangu yote. Zamani kijana aliyepita ligi kubwa za vijana za Canada alihesabiwa kama mtu wa kulipwa, vyuo vya Marekani havikumruhusu kucheza. Novemba 2024 wakapiga kura kuifuta hiyo, na kuanzia Agosti 2025 mlango ukafunguliwa. Gavin McKenna, aliyezaliwa Desemba 2007, akaenda Penn State akiwa na miaka 17. Lakini mlango ule ule unapitisha pia vijana wa miaka 20 na 21 waliomaliza muda wao Canada, wenye mamia ya mechi miguuni. Kwa hiyo vyuo vidogo navyo vimepata duka jipya la wakongwe, na sijui kwa nini watu wanazungumzia McKenna peke yake.

Mwenye kikosi anachotaka tukipime namna hii aandike hapo chini. Ila aje na miaka ya kuzaliwa, sio majina tu.